Kioo cha mbele cha ndege ya kujiundia: akriliki au polikaboneti, skrubu au gundi, na maji gani ya kuoshea

Shemeji yangu anaunda ndege Malindi. Si ya mapambo ya sebuleni. Ni ndege hasa, ya watu wawili, yenye mabawa juu, iliyokuja ndani ya makasha ikiwa vipande vya alumini vilivyotobolewa tayari pamoja na kitabu kinene cha michoro. Kwa muda mrefu sisi wa upande wa dada tulikuwa tukimtania. Alipofika kwenye kioo cha mbele akanipigia simu mimi, na utani ukaisha hapo.

Mimi si fundi wa ndege. Natengeneza vioo vya boti hapa Lamu, zile boti za kasi zinazovusha watu kutoka Mokowe na kuwapeleka Manda kwenye uwanja wa ndege. Lakini kioo cha boti na kioo cha ndege ndogo ni watoto wa mama mmoja: plastiki ni hiyo hiyo, jua ni hilo hilo, chumvi ni hiyo hiyo, na makosa ya muoshaji ni yale yale. Ila kioo cha boti kikipasuka unafumba macho rasharasha zikupige mpaka gatini. Angani hakuna gati.

Kiwanda kilimpa njia mbili. Ya kwanza, bamba bapa la polikaboneti analolikunja mwenyewe juu ya fremu. Ya pili, kwa kuongeza pesa, kioo cha akriliki kilichofinyangwa kwa moto kikawa na umbo lake kabisa. Akaniuliza, "Shemeji, kipi bora?" Nikamrudishia maswali matatu: tangi la mafuta liko wapi, utaegesha wapi, na utaosha kwa maji gani? Akadhani nakwepa jibu. Kumbe jibu lenyewe limo humo.

Kuzijua mbili hizi

Akriliki ndiyo mafundi wengi wa pwani wanaiita Perspex, hata kama bamba limetoka kampuni nyingine kabisa. Ilianza kuuzwa miaka ya 1930, Ujerumani kwa jina la Plexiglas na Uingereza kwa jina la Perspex, na vita vya pili vya dunia vilipokuja ikawa ndiyo kioo cha ndege za kivita kama Spitfire. Kuna kisa chake ninachokipenda. Daktari wa macho wa London, Harold Ridley, aliona kwamba marubani walioingiwa na vipande vya Perspex jichoni hawakuoza macho kama walioingiwa na vitu vingine; mwili uliivumilia. Mwaka 1949 akampandikizia mgonjwa lenzi ya plastiki hiyo. Wazee wetu waliotolewa mtoto wa jicho wakawekewa lenzi wanaona kwa sababu ya uchunguzi ulioanzia kwenye kioo cha ndege kilichovunjika.

Polikaboneti ni mdogo wake. Ilipatikana mwaka 1953, Bayer kule Ujerumani na General Electric kule Marekani, karibu wakati mmoja. Majina yake ya dukani ni Makrolon na Lexan.

Uzito haukusaidii kuchagua. Zote mbili ni takriban gramu 1.2 kwa sentimita moja ya ujazo, chini ya nusu ya uzito wa kioo cha kawaida. Mwanga unatofautiana kidogo: akriliki safi hupitisha kama asilimia 92, polikaboneti kama 88. Kwenye karatasi tofauti hiyo ni ndogo, lakini jua la asubuhi linapochomoza baharini na wewe unaelekea huko huko, utaiona.

Penye tofauti kubwa ni namna zinavyokufa. Akriliki ni ngumu juu na dhaifu ndani: haikwaruziki upesi, ila ikigongwa inapasuka vipande vyenye makali. Polikaboneti ni kinyume chake. Unaweza kuipiga nyundo ikabonyea tu, lakini kitambaa chenye mchanga kikipita mara tatu uso wake unakuwa kama umetiwa ukungu. Jua nalo huigeuza manjano ikiwa haina tabaka la kinga, na tabaka hilo likishakwanguka hulirudishi. Akriliki inaweza kukaa kwenye jua letu miaka mingi bila kubadilika rangi. Kuna boti hapa Shela ambayo kioo chake cha akriliki kimeishi kuliko injini mbili.

Swali la tangi

Ndege za mabawa juu mara nyingi hubeba petroli ndani ya bawa, pembeni mwa kichwa cha rubani. Mpira wa bomba ukichakaa, au anayejaza akiwa na mkono mzito, petroli hushuka kwenye ukingo wa juu wa kioo. Petroli haifai kwa plastiki yoyote kati ya hizi, lakini kwa polikaboneti iliyokunjwa baridi ni balaa. Bamba lililokunjwa bila moto lina nguvu imefungwa ndani yake, linataka kurudi kuwa bapa siku zote. Tone la petroli likitua penye mkunjo ule, ufa unaweza kukimbia papo hapo, na ile sifa ya kuhimili nyundo ikawa hadithi.

Shemeji aliposikia hili alitaka kutupa polikaboneti yote baharini. Nikamwambia atulie. Akriliki nayo ikilowa petroli hufanya nyufa nyembamba kama nywele, utando mzima wa buibui, na hazifutiki. Ila kioo kilichofinyangwa kwa moto hakina mvuto ule wa ndani, kwa hiyo unapata nafasi ya kukimbilia maji. Kwa ndege ya mabawa chini, ambayo tangi lake liko chini ya kioo, hoja hii karibu inakufa yenyewe. Ndege za RV za Van's Aircraft, zile wajenzi wa nyumbani wanazozipenda sana duniani, zina kifuniko kikubwa cha akriliki, na wajenzi wake wanaisimulia siku ya kukikata kama watu wanavyosimulia siku ya mtihani.

Kwa upande wa polikaboneti kuna kunguru. Anayeijua Malindi anawajua: kunguru wa Kihindi wamejaa kila penye jalala, na mwewe wanazunguka juu yao. Ndege mdogo akigonga akriliki nyembamba, kioo kinaweza kuingia ndani pamoja naye. Polikaboneti ingebonyea ikamrudisha. Hii si hoja ndogo, na anayeruka chini chini juu ya mji au soko la samaki aipe uzito wake.

Tena kuna suala la mkunjo wenyewe. Kanuni ya mafundi ni kwamba polikaboneti hukubali kukunjwa baridi kwa nusu kipenyo cha kama mara 100 ya unene wake. Akriliki inataka zaidi ya mara 200. Bamba la milimita 3 la polikaboneti, basi, linaweza kuzunguka duara la nusu kipenyo cha sentimita 30, na akriliki ya unene huo usiilazimishe chini ya sentimita 60. Ndiyo sababu kiwanda hakikumpa akriliki bapa. Na usijaribu kuwa mjanja ukaipasha kwa jiko la mkaa. Nimewahi. Ilitoka na mapovu na sura ya mkate wa sinia.

Ukinunua bamba mwenyewe

Wengine watasema, kiwanda kiko mbali na mzigo wa ndege ni ghali, nitanunua Mombasa. Kwa dirisha dogo la pembeni sikatai, alimradi mchoro unaruhusu na mkaguzi wako wa KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, ameridhia kabla hujakata. Lakini ujue akriliki ya dukani ni ya namna mbili: iliyomiminwa na iliyosukumwa kwa mashine. Iliyosukumwa ni nafuu na unene wake ni sawa kila mahali, ila ina mvuto wa ndani na hufanya nyufa za nywele upesi zaidi ikiguswa na dawa. Kwenye chombo kinachoruka taka iliyomiminwa. Muuzaji asiyejua anachouza ni ipi, mshukuru uondoke.

Kutofautisha akriliki na polikaboneti ni rahisi zaidi. Omba kipande cha kutupa, kichome nje kwenye hewa. Akriliki huwaka kwa utulivu, harufu yake tamu tamu kama tunda. Polikaboneti hutoa masizi na ukiondoa kiberiti huelekea kuzimika. Kuligonga bamba kwa kucha nako kunasaidia ukishazoea. Akriliki ina mlio mkali, mwenzake analia kama ubao.

Safari ya kutoka Mombasa usiidharau. Bamba lisimamishwe wima kati ya magodoro mawili, karatasi yake ya kinga isitolewe. Karatasi hiyo hiyo, ukifika nyumbani, usiiache juani wiki nzima: gundi yake huiva na kung'ang'ania, na utakaa siku mbili ukiibandua kwa vidole.

Skrubu au gundi

Hapa ndipo vioo vingi vinapoharibikia, kuliko angani. Kioo na fremu havipanuki sawa. Chukua kioo cha mita moja ya upana. Alfajiri ndani ya hanga, yaani banda la ndege, ni nyuzi 25. Mchana ndege ikiwa imefungwa nje juani, plastiki inaweza kufika nyuzi 60. Kwa tofauti hiyo ya nyuzi 35 akriliki hurefuka karibu milimita 2.5, na alumini iliyoishikilia hurefuka milimita 0.8 tu. Hiyo milimita 1.7 iliyobaki lazima iende mahali. Usipoipa nafasi itajitafutia, na itakayoipata ni ufa. Polikaboneti hupanuka karibu sawa na akriliki, kwa hiyo usidhani imekuokoa. Ila yenyewe inasamehe, tundu lililobana halifi siku ya kwanza. Ukipaa mambo yanageuka: hewa hupoa kama nyuzi 2 kwa kila futi 1,000, na kioo kilichokuwa tanuri uwanjani kinajikuta kwenye hewa ya nyuzi 10 ukifika futi 10,000.

Njia ya skrubu ndiyo ya zamani, na bado ni nzuri. Unakifungua kioo ukitaka, unakagua kingo, unabadilisha. Tatizo lake ni matundu, maana kila tundu ni mlango wa ufa. Biti ya kawaida ya chuma ina meno yanayochimba. Ikitokea upande wa pili inaivuta akriliki na kuimega. Tumia biti ya plastiki, au biti ya ngazi, na nyuma ya kioo gandamiza ubao. Drili iende polepole, mkono mwepesi, uinue mara kwa mara ili isipate moto. Tundu liwe kubwa kuliko skrubu kwa kiasi mchoro unachosema. Ukipata tundu linaloishika skrubu kama soksi, umeshakosea. Kisha sugua ndani ya tundu na ukingo mzima kwa msasa wa 220, halafu 400, halafu 600, mpaka kidole kisisikie kitu. Ukingo usiosuguliwa ni sawa na kitambaa kilichokatwa bila kukunjwa pindo. Kitafumuka tu, ni suala la siku.

Kukata nako ni hivyo hivyo: akriliki kwa diski ya kusaga, kamwe si msumeno wa meno makubwa. Polikaboneti nyembamba unaweza kuikata hata kwa mkasi wa bati, na hapo ndipo ninapowaelewa wanaoipenda.

Vitabu vya wenzetu wa nchi za baridi vinasisitiza kupasha chumba kabla ya kutoboa akriliki, maana ikiwa baridi inavunjika kama biskuti. Sisi Mungu ametupashia. Hata hivyo mwezi wa Julai, kusi likivuma na alfajiri ikiwa na ubaridi, ngojea saa nne. Nakumbuka boti moja niliyoiharakisha kwa sababu mwenyewe alikuwa na wageni wa saa tatu. Nilianza kukaza skrubu upande wa kushoto nikaenda moja moja mpaka kulia, badala ya kuanzia katikati na kwenda pande zote mbili kwa zamu. Ya mwisho haikukaa sawa, nikailazimisha. Ulisikika mlio kama wa kuni kavu, na ufa wa urefu wa kiganja ukasimama mbele yangu. Niliuzuia kwa kutoboa kitundu cha milimita 3 penye ncha yake. Boti ile ikaendelea kutumika. Kwa ndege, ufa ulio mbele ya macho ya rubani nisingeutoboa, ningeagiza kioo kingine.

Skrubu ikazwe mpaka washa, ile pete laini ya chini yake, iguse, kisha irudishwe robo mzunguko. Usiipake ile gundi ya kuzuia nati isilegee. Inaipasua akriliki na polikaboneti vilevile. Nati yenye nailoni ndani inatosha. Mipira laini ya plastiki ya vinili nayo haifai kuwekwa kati, mafuta yake yanahamia kwenye kioo. Na silikoni yenye harufu ya siki iache kwa dirisha la bafu; kama lazima silikoni, iwe ile isiyonuka siki.

Njia ya gundi ndiyo wajenzi wengi wa RV wanaielekea siku hizi, na dawa inayotajwa sana ni Sikaflex-295 UV pamoja na dawa zake za kutanguliza. Hakuna tundu hata moja. Nguvu inatawanyika ukingo mzima, mvua haipiti, na gundi yenyewe ni kama mpira, kwa hiyo ile milimita 1.7 inamezwa kimya kimya. Inakauka kwa unyevu wa hewa, na unyevu wa Malindi unaujua: usifungue bomba la gundi mpaka kila kitu kiwe tayari, maana utando wa juu unaanza kushika mapema kuliko unavyotarajia. Tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye bomba iheshimu kama ya maziwa. Gundi iliyokaa kontena la moto miezi haina ahadi.

Kosa la kawaida ni kubana kioo mpaka gundi yote ikatoka. Gundi inahitaji unene ili inyumbulike. Weka vipande vidogo vya mpira kati, vishikilie nafasi ya milimita tatu au zaidi kama maelekezo yanavyotaka, mpaka ikauke. Kosa la pili ni ile dawa ya kutanguliza kuachwa ikatiririka kwenye sehemu ya kuonea. Ibandikie tepu kioo chote, ibaki njia ya gundi tu.

Hasara ya gundi ni moja, nayo ni kubwa. Kioo kikiharibika hukifungui, unakikata kwa waya kama anayekata sabuni, na kusafisha fremu ni kazi ya siku kadhaa. Kwa anayejenga Malindi, mbali na kiwanda, ambaye huenda akabadilisha kioo mara mbili tatu katika maisha ya ndege, mimi bado napendelea skrubu. Kwa mwenye hanga la kivuli na mkono uliotulia, gundi ni safi zaidi. Wapo wanaochanganya, gundi kwenye upinde wa juu na skrubu pembeni. Huo sijaupenda: sehemu moja inacheza na nyingine imeshikwa, na mpaka wao ndipo ufa unapozaliwa.

Jambo la haraka: rangi ya ndege ipakwe kabla ya kioo, au kioo kifunikwe kabisa kisipate hata mvuke wa thina.

Kuosha

Nimesema jibu limo kwenye maji. Sehemu zote za juu unazifanya mara moja. Kuosha ni kila wiki, pengine kila safari.

Anza na maji yenyewe. Visima vingi vya pwani vina chumvi na chokaa. Maji yale yakikaukia kwenye kioo yanaacha alama nyeupe za mviringo, nawe ukizisugua unasugua kwa chumvi. Malindi mjini maji ya bomba yanatoka Baricho, kwenye mto Sabaki, na yanafaa. Lamu tuna maji ya visima vya Shela kwenye mafungu ya mchanga, matamu kwa kunywa, lakini kwa kioo nachagua ya mvua. Nyumba zenye jabia la zamani, lile tangi la kukingia mvua, hapa ndizo tajiri: maji ya jabia hayana chumvi, yakikauka hayaachi kitu. Asiye na jabia akinge mvua za masika kwenye madumu. Kwa suuza ya mwisho tu unaweza kununua maji yale ya kuongezea betri, ila soma chupa mara mbili, maana rafu hiyo hiyo huuza asidi.

Namna ya kuosha kwa akriliki na polikaboneti ni moja, isipokuwa kwa polikaboneti ufanye kana kwamba unaosha uso wa mtoto. Kwanza mwaga maji mengi bila kugusa, yashuke na mchanga na vumbi la matumbawe. Halafu mkono mtupu, bila pete, upitishe pole pole maji yakiendelea kushuka. Kiganja kinasikia chembe ambayo kitambaa kingeificha na kuiburuta. Wadudu waliogandia uwafunike kwa kitambaa chenye maji dakika kumi, watalegea wenyewe. Kisha sabuni laini ya maji, kidogo. Sabuni ya unga usiitie, chembe isiyoyeyuka ni msasa. Mkono uende juu na chini kwa mstari ulionyooka, si kwa mizunguko. Mikwaruzo ya mizunguko inashika jua kutoka kila upande na kukuwekea pete za mwanga mbele ya macho.

Kukausha kwa kusugua ni kosa lingine. Plastiki ikisuguliwa kavu inajitia umeme, na umeme huo unaita vumbi lote la uwanja. Gusagusa kwa kitambaa chenye unyevu, basi.

Kitambaa kipi? Vile vya nyuzi ndogo vya madukani ni vizuri vikiwa safi, lakini vinashika chembe na havitaki kuiachia. Kikianguka chini mara moja, kihamishie kwenye magurudumu. Mimi ni mtu wa leso, yaani kanga, kuukuu ya pamba. Leso mpya haifai, ina wanga na rangi, na nyingine siku hizi zimechanganywa nyuzi za kiwandani. Kipimo changu ni maandishi: jina la leso likiwa limefifia hata hulisomi tena, kitambaa kimelainika vya kutosha. Kata mshono wa pindo kabla ya kutumia. Gazeti, taulo la karatasi na fulana yenye picha iliyochapishwa, hapana.

Dawa za kusafishia vioo vya dirishani, zile za buluu za kupuliza, nyingi zina amonia au alkoholi. Miongozo ya FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, kwa mafundi wa ndege inazikataza kwa jina, pamoja na petroli, alkoholi, benzeni, asetoni na thina. Kijana wa uwanjani atakuja na chupa ya buluu kwa nia njema akitaka kukusaidia. Mshike mkono kwa upole. Mafuta ya nazi pia nimeona yakipakwa ili kioo king'ae. Kinang'aa mpaka vumbi la kwanza. Na dawa ya meno, ambayo kila mtu ana mjomba aliyewahi kuitumia, ni unga wa kusugua usiojua ukali wake. Unaondoa mkwaruzo mmoja na kukuachia elfu.

Mikwaruzo midogo kwenye akriliki inatibika. Kuna seti za misasa ya maji kama Micro-Mesh zinazoanzia 1500 na kwenda mpaka 12000, kila hatua ikifuta alama za iliyotangulia. Ni kazi ya mchana mzima, na usichimbe sehemu moja, tawanya eneo pana, la sivyo unatengeneza lenzi na kiwanja kitaonekana kimepinda. Polikaboneti yenye tabaka la kinga haina tiba hiyo. Ikichakaa unabadilisha bamba, na kwa vile bamba bapa ni nafuu, wenye ndege hizo wanalichukulia kama tairi.

Kifuniko cha turubai kinazua ubishi kila mara. Ndege ikiegeshwa nje, kama pale Manda, kifuniko kinazuia jua na kinyesi cha ndege wa angani, lakini kikilegea kusi linakipigapiga juu ya kioo usiku kucha na vumbi likiwa katikati. Asubuhi utadhani mtu amekisugua kwa mchanga. Kikazwe vizuri, upande wa ndani uwe pamba laini, na kifuliwe. Kama huwezi hayo matatu, heri kivuli cha makuti.

Alichochagua

Shemeji ana hanga lenye paa Malindi, maji ya bomba, na tangi mabawani. Amechukua akriliki iliyofinyangwa kwa kioo cha mbele, skrubu, matundu mapana. Milango na dirisha la paa ameacha polikaboneti kama kiwanda kilivyochora: ni rahisi kubadilisha, na mgongo wa mlango unapokea vishindo vya miguu na mizigo. Nyuma ya kila kiungo cha bomba la petroli amelaza kijisinia cha alumini chenye mrija wa kutoa nje, tone lisifike kioo. Wazo hilo ni lake, mimi nimeliiba kwa boti.

Kama angekuwa anaegesha Manda, nje, bila maji ya kutegemea na akiruka chini kila siku, ningemwambia achukue bamba la polikaboneti na jingine la akiba, azoee kubadilisha. Kama ndege yake ingekuwa ya mabawa chini, nisingemsikiliza hata dakika mbili, akriliki tu.

Juzi alinitumia picha. Kioo kimekaa, skrubu ya katikati ndiyo ya kwanza kama nilivyomwambia, na juu yake imelazwa leso ya dada. Nimeikuza picha nikajaribu kulisoma jina. Lilisomeka lote. Nikampigia simu arudishe hiyo leso kabatini kabla mwenyewe hajaitafuta, atafute kuukuu.